Vita vya Tuta la Nyakakika, na Deni la Punje ya Thomu

Jumatatu, tarehe 17 Septemba mwaka 1906, saa moja na nusu ya asubuhi, ukungu ukiwa umelala katika mabonde ya Nyakakika mzito kama pamba iliyoroweshwa, na manyunyu ya kwanza ya vuli yakidondoka juu ya majani ya migomba pasipo haraka yoyote, mtu mmoja alitoka nyuma ya duka lake, jembe begani, na katika kiganja cha mkono wa kuume amefumbata punje moja ya kitunguu saumu.

Kaeni wima, enyi mnaosoma mkiwa mmejiegemeza! Wekeni chini vikombe, zimeni viko, mwambieni anayewaita jikoni asubiri. Wako walioandika habari za miji iliyotekwa, na za majeshi yaliyovuka mito yakapungua. Mimi nitaandika habari za tuta moja lenye upana wa mkeka wa kulalia, na za mtu aliyelisimamia kama ngome. Na kwa kuwa nililelewa bwenini, mahali ambapo uongo ulilipwa kwa kiboko na shati lililokunjamana lilihesabiwa kuwa nusu ya uongo, sitaongeza jani wala sitapunguza mzizi.

Mtu huyo alikuwa Abdulrahim bin Zubeiri, Bingwa wa Mizani, Mfungua Marobota, Asiyepunja Kipimo, mwenye duka la kaniki, shanga na chumvi kando ya njia ya misafara. Babu yake alitoka pwani, baba yake alikomea Tabora, naye mwenyewe akapanda mpaka Karagwe, ambako milima ni mingi na wateja ni wagumu. Hakuwahi kulima kitu. Mikono yake ilijua kukunja nguo na kufunga fundo. Jembe alilolibeba asubuhi ile lilikuwa la dukani, na bado lilikuwa na kamba ya kulitundikia.

Ni nini basi kilichomsukuma shujaa huyu kuliacha duka na kuikabili ardhi? Kilichomsukuma ni ulimi wa mkewe.

Kwa maana kiangazi kilichotangulia alikuwa amemwoa Maua, binti wa Pangani, Mwenye Shingo Iliyonyooka, Mwenye Jawabu Tayari. Akamleta kwa safari ya miezi, akamketisha katika nyumba ya udongo uliopigwa vizuri, akamwekea mbele yake chakula cha nchi. Maua akakila kwa adabu. Akakila tena. Hata jioni moja, mvua ikinong'ona juu ya nyasi za paa, aliisukuma sahani mbele kidogo, akasema maneno ambayo nyumba ile haikuyasahau:

"Bwana, nimekula ndizi za kupika, nimekula ndizi za kuchoma, nimekunywa maji ya ndizi, na leo mchana nimejikinga mvua kwa jani la mgomba. Sina ugomvi na mgomba, mgomba umenifadhili. Lakini nitakula pilau yenye thomu katika nyumba hii kabla msafara wa kiangazi kijacho haujateremka Tabora. Nisipoila hapa, nitapanda msafara huo niifuate huko iliko."

"Mchele upo," akasema Abdulrahim, "bizari ipo, iliki ipo, karafuu ipo. Ila thomu, mke wangu! Wapagazi huzileta, zikafika maganda matupu. Thomu haipatikani nchi hii."

"Hata mimi nilikuwa sipatikani nchi hii, bwana. Ukanitafuta."

Usiku ule shujaa hakulala vizuri. Ilipokucha alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake na mshindani wake, Abdulghani, Mnunua Ngozi, Mwenye Sauti ya Parapanda, ambaye baraza yake ilitazamana na baraza ya Abdulrahim kama ngome mbili zinavyotazamana ng'ambo ya mto. Isipokuwa mto ule ulikuwa njia ya ng'ombe.

Sasa jueni kwamba katika nchi yote ile, kutoka Igurwa hadi Nyakatuntu, palikuwa na kitunguu saumu kimoja tu, nacho kilikuwa cha ajabu. Ombasha mmoja Mnubi, askari aliyepita na safari akitoka boma la Bukoba, alimpa Abdulghani kichwa cha thomu ya kwao ambayo watu waliokuwa naye waliiita thomu ya ndovu, kwa kuwa punje yake moja ilikuwa kubwa kama kichwa kizima cha thomu nyingine. Abdulghani akazila karibu zote kwa sababu ya kikohozi. Ikabaki moja, akaitundika juu ya mlango kwa uzi mwekundu, apate kuwaonyesha wageni.

"Nikopeshe punje ile," akasema Abdulrahim.

Abdulghani akaketi vizuri, kama hakimu aliyeletewa kesi ya ardhi. "Nikukopeshe! Sheikh Abdulrahim, ile si kibaba cha chumvi. Ile ndiyo heshima ya mlango wangu. Watu wametoka Nyakatuntu kuja kuitazama."

"Nitaipanda, nami nitakurudishia punje kwa punje."

"Utanirudishia punje kubwa zaidi."

"Astaghfirullahi!" Abdulrahim akarudi nyuma hatua nzima. "Nyongeza iliyoshurutishwa ni riba, na riba haitaingia katika bustani yangu hata kwa ukubwa wa kokwa. Nitarudisha iliyo sawa na hii, si nene wala si nyembamba."

"Na huo usawa utaujuaje, ikiwa hii yenyewe utakuwa umeifukia?"

Lilikuwa swali la mtu mwerevu. Abdulrahim akaishusha ile punje, akailaza kando ya gumba lake: ikaanzia kwenye ncha ya ukucha, ikaishia kwenye kifundo, na unene ukalingana.

"Gumba langu na liwe kipimo," akatangaza.

"Gumba lako ndilo kipimo," akaitika Abdulghani, nao wakapeana mikono mbele ya ng'ombe waliokuwa wakipita.

Turudi sasa kwenye ukungu wa Jumatatu ile. Abdulrahim akalichimba tuta lake nyuma ya duka, kati ya ukuta na mgomba wa mwisho, akitoka jasho kama mtu anayejenga boma. Akafika mahali pa kuipanda punje, akasita. Ielekee wapi? Maishani mwake vitu alivyowahi kuvitia ardhini kwa mikono yake vilikuwa viwili, baba yake na shangazi yake. Na hivyo, kwa heshima kubwa na kwa kukosa mfano mwingine, akaichimbia punje mwanandani mdogo, akailaza kwa ubavu wa kulia, ikielekea kibla.

Maua alikuwa mlangoni, mikono kifuani.

"Bwana."

"Labeka."

"Umeipanda, au umeizika?"

Akatazama. Akatazama tena. Kisha akaifukua, akaisimamisha, ncha juu na kitako chini, akaifunika. Nami sioni aibu kuliandika jambo hilo, kwa maana jemadari anayerekebisha safu zake kabla ya vita ni bora kuliko anayezirekebisha baadaye.

Jirani wa upande wa migombani, Ma Kokubanza, Mnyambo wa zamani wa hapo, Mwenye Shamba Lisiloonekana Mwisho, akaja kuona kelele ni za nini.

"Shikamoo, mama," akasema Abdulrahim.

"Marahaba, Ta Abdulrahimu. Waitu, leo duka limelima! Umepanda nini?"

"Thomu ya ndovu."

"Ndovu!" Akacheka mpaka akashika mgomba. "Na wewe hujaweka hata ua wa fimbo!" Hata hivyo akarudi nyumbani kwake, akaleta kapu la samadi ya ng'ombe na mzigo wa majani makavu ya migomba, akalitandaza tuta lote kama anavyotandaza shamba lake, akasema kwamba ndovu wake asipokula hicho hatakula kingine.

Basi likachomoza jani. Likafuata la pili, pana, la kijani kilichofifia kidogo, limekunjwa katikati kama karatasi ya barua. Abdulrahim akawa anafunga duka saa ya adhuhuri kwenda kulitazama, na wateja wenye kutaka kaniki walielekezwa nyuma ya nyumba. Katika masika mvua ya mawe iliposhuka ghafla kutoka milimani, ikivunja migomba kama mabua, mtu huyu alitoka mbio bila kilemba, amebeba lile sufuria kubwa la pilau ambalo halijawahi kupika pilau, akalifunika juu ya mche wake, akalishikilia kwa mikono miwili huku mawe yakimpiga mgongoni, na sufuria likalia kama ngoma za vita, na Maua akapiga ukelele dirishani: "Jifunike wewe kwanza!" Hakujifunika. Sufuria lilibonyea mahali pengi. Mche haukupoteza hata ncha ya jani.

Mwisho wa masika likatokea ajabu ambalo halikutazamiwa. Katikati ya majani palipanda bua moja, la mviringo, limenyooka, likapita kiuno cha mtu, na juu yake kichwa kilichochongoka, kimefumbwa katika ngozi nyembamba kama kofia ndefu ya darweshi. Likaitishwa baraza. Walihudhuria Abdulrahim mwenye tuta, Abdulghani mwenye mbegu, na Ma Kokubanza mwenye samadi.

"Ndugu zangu," akaanza Abdulghani, naye aliinua mkono kana kwamba umati ulikuwa unangoja, "kilichotiwa ardhini ni mbegu. Na mbegu kazi yake ni kuoza. Tunda hutoka juu. Nani aliyewahi kuona mkungu wa ndizi ukichimbwa?"

"Hakuna," akasema Ma Kokubanza, ambaye maishani mwake alikuwa ameona mikungu mingi kuliko watu. "Hicho ni kidole cha mkungu, sawasawa kabisa. Kitafunguka, zitashuka thomu mkono baada ya mkono. Lakini, waitu, shina lenyewe jembamba. Litavunjika kwa uzito. Lipe mwegemeo."

Abdulrahim alikuwa ameuza thomu katika shada dukani mwa baba yake Tabora, lakini hakuwahi kuona thomu ikiwa bado shambani; na hoja ya wawili wale, katika nchi ile ya migomba, haikuwa na mahali pa kuitia ufa. Kwa hiyo walikata mti wenye panda, kama unavyokatwa kwa ajili ya mgomba uliozaa, wakalitegemeza lile bua jembamba kama kalamu kwa nguzo nene kama mkono wa mtu. Maua alipoona alisema tu, "Mmelipa fimbo ya mzee," akaingia ndani. Ila kuanzia siku ile hata yeye alipita pale kila asubuhi, akakitazama kile kichwa, akahesabu kwa macho siku zilizobaki kabla ya msafara. Shujaa alimwona akifanya hivyo, na moyo wake ukawa kama mizani yenye mawe upande mmoja.

Oo, nisaidieni sasa, enyi mlinzao bustani zenu kwa miiba na mbwa, maana nafika mahali pazito! Abdulghani alikuwa na beberu. Jina lake Jemadari. Alikuwa mweusi, mwenye ndevu za mzee wa ukoo na macho ya mtu asiyelipa ushuru. Alikuwa amekwisha kula kilemba, mkeka wa swala usiokuwa wake, na nusu ya kapu. Ijumaa moja ya mwezi wa Mei, jua likiwa kichwani, Abdulrahim amekwisha kutawadha, amevaa kanzu iliyopigwa pasi kama inavyostahili, akageuka kulitazama tuta lake mara moja tu kabla ya kwenda kuswali. Akamwona Jemadari. Nguzo ilikuwa imelala chini. Bua lilikuwa limeinama. Na kile kichwa, kile kidole cha mkungu, ile kofia ya darweshi iliyobeba matumaini ya nyumba nzima, kilikuwa kinaingia kinywani mwa adui.

"Ewe haini!" akanguruma Bingwa wa Mizani. "Ewe mla swala za watu! Utaacha hicho au tutazikwa sote hapa!"

Akaruka ua wa fimbo, alioujenga baada ya kuchekwa na Ma Kokubanza, akamkamata pembe. Jemadari akarudi kinyumenyume, akamburuta. Abdulrahim akakita visigino katika samadi, akamburuta yeye. Kanzu ikapasuka tangu ukosi hata ukingo. Na wakazunguka tuta lile tena na tena kama majeshi yanayotafuta upande wenye jua nyuma. Mwishowe Abdulrahim akatia mkono kinywani mwa adui kukitoa kile kichwa. Jemadari akakimeza kichwa, akalishika gumba.

Abdulghani akatokea, viatu mkononi. "Mwachie! Mwachie mbuzi wangu!"

"Mwambie yeye aniachie mimi!"

"Unamtisha! Mbuzi akitishwa hufunga meno!"

"Embuzi hiyo ipige puani," akashauri Ma Kokubanza kutoka migombani, kwa utulivu wa mtu ambaye bustani si yake.

Akapigwa puani. Gumba likatoka. Lakini kile kichwa hakikutoka, wala kisingetoka tena isipokuwa kwa njia ambayo haifai kuandikwa. Pale juu ya tuta palibaki bua lililokatwa, linatoa maji machache, na majani yaliyokanyagwa. Na Abdulrahim akaketi chini kando yake katika kanzu yake iliyochanika.

Maua akatoka na bakuli la manjano yaliyopondwa. Akaketi naye pale chini, akaufunga ule mkono taratibu.

"Pole, bwana."

"Mkungu umekwenda, Maua."

"Nimeuona."

Neno la msafara lilikuwa limesemwa mapema, na katika nyumba ile neno lilikuwa neno. Jeraha likapona, lakini lile gumba halikurudi katika umbo lake. Lilibaki nene, limepinda kidogo, kama muhogo uliokutana na jiwe. Kiangazi kikaingia. Sanduku la Maua likatolewa mvunguni, likapanguswa vumbi, likawekwa karibu na mlango.

Ndipo ikafika asubuhi ya mwezi wa Juni msafara ulipopiga kambi chini ya kilima, na ngoma ya kiongozi ikaanza kulia kwamba mchana watateremka. Abdulrahim akazunguka nyuma ya duka. Hakwenda kutafuta kitu. Alikwenda kuling'oa lile shina, ili mkewe, akipita kuaga, asilione limesimama kama shahidi wa kushindwa kwake. Akalishika kwa mikono miwili, akavuta.

Halikutoka.

Akashangaa, maana kitu kilichooza hakishiki hivyo. Akachuchumaa, akakaza, akavuta tena, mishipa ya shingo ikasimama, ardhi ikapasuka nyufa pande zote, na kwa sauti kama ya kizibo kinachotoka kwenye chupa, Abdulrahim bin Zubeiri akaanguka chali. Na juu ya kifua chake kikaanguka kitunguu saumu, chenye udongo na mizizi iliyosimama kama ndevu, kikubwa kama ngumi mbili za mwanamume zilizowekwa pamoja.

Watu wa bustani wa siku hizi wanatuambia kwamba thomu ikinyimwa ua lake, yaani kile kichwa cha juu, huzirudisha nguvu zake zote chini, ikanenepa. Siku ile hapakuwa na wa kumwambia. Alilala tu pale, akitazama mbingu, akicheka kama mtoto aliyeogeshwa. Nchi nzima ilikuwa imekosea, mwenye mbegu, mwenye samadi na mwenye tuta. Aliyekuwa sahihi ni beberu peke yake.

"Maua!" akaita. "Maua! Tia mchele maji!"

Sufuria lililobonyea likapanda mafigani. Maganda yakabanduliwa, zikatoka punje tano, nyeupe, zinang'aa. Maua akanyoosha mkono.

"Ngoja!" akasema Abdulrahim, na uso wake ukawa uso wa mizani. "Deni kwanza. Mtu hali mali ambayo ndani yake mna haki ya mwenziwe."

"Bwana, ngoma inalia."

"Naisikia."

Wakaafikiana hivi: Maua akachukua punje mbili ambazo kwa vyovyote hazikufanana na deni, akaingia nazo jikoni, tatu zilizobaki zikawekwa juu ya jani la mgomba barazani, na Abdulghani akaitwa. Alikuja haraka mno, Jemadari nyuma yake akitafuna.

Abdulrahim akaichagua punje ya wastani. "Hii hapa. Sawa na uliyonikopesha."

"Nionyeshe gumba," akasema Abdulghani.

Shujaa akanyoosha mkono wa kuume. Punje ya wastani ikalala kando ya lile gumba lililokuwa kama muhogo, ikaonekana kijana kando ya mzee wake. Abdulghani akaichukua iliyo kubwa kuliko zote, nayo ikalingana kabisa.

"Kipimo ni gumba lako," akasema kwa upole wa mtu aliyeshinda. "Maneno yako mwenyewe, mbele ya ng'ombe."

"Gumba hili liliongezwa na mbuzi wako! Nyongeza inayotoka kwa mkopeshaji ni riba, hata ikipitia kinywa cha mnyama!"

"Mnyama ndiye aliyekulimia! Bila Jemadari ungekuwa mpaka sasa unaegemeza ua kwa boriti!"

"Nani aliyesema ni mkungu? Si wewe?"

"Nilisema, na mbuzi wangu akanirekebisha. Ujira wa kunirekebisha ni wangu."

"Mbuzi wako alikula kanzu yangu!"

"Kanzu ilichanika, haikuliwa. Sema kweli, Sheikh, wewe ni mtu wa haki."

Nani atayahesabu maneno yaliyosemwa barazani pale? Wakasimama, wakaketi, wakasimama tena. Wakatoa hoja za vipimo vya nafaka, na za mzani ulioharibika njiani, na za mtu aliyekopa kwa dhiraa ya mkono wake kisha akakua. Ma Kokubanza akaja na kigoda chake, akaketi katikati kama mpaka. Kule chini ya kilima ngoma ikalia mara ya pili, wapagazi wakaimba wakiinua mizigo, vumbi likapanda, kisha wimbo ukaenda ukififia upande wa kusini. Na Abdulrahim, ambaye kwa miezi tisa hakuwa na hofu nyingine isipokuwa ngoma ile, hakuisikia, kwa sababu alikuwa ameshika kidole cha Abdulghani akimweleza maana ya usawa.

Harufu ya pilau ndiyo iliyomgutusha. Akageuka. Maua alikuwa amesimama mlangoni, sahani mkononi, anatafuna polepole. Na nyuma yake sanduku lilikuwa wazi, na kanga zimerudi ukutani.

"Msafara..." akasema Abdulrahim.

"Umekwenda zamani."

"Nawe?"

"Mimi nilikuwa nakula."

Hata Jemadari akaacha kutafuna. "Ni kali?" akauliza Abdulghani.

"Si kali hata kidogo. Ni pole kama mposaji mbele ya mkwewe." Akameza. "Thomu ya Pangani humtangulia mgeni mlangoni. Hii inabisha hodi, halafu inangoja nje."

"Basi si thomu!" Abdulrahim akajishika kichwa.

"Nilisema thomu, bwana, sikusema kali. Na neno langu si jepesi kuliko lako." Akayatazama magumba ya mumewe, na kidogo pembe ya kinywa chake ikacheza. "Halafu zitabaki mbili za kupanda, na tuta hilo linataka mlinzi. Wewe ulishindwa na mbuzi. Nitalilinda mimi."

Ma Kokubanza akapiga vigelegele ambavyo kwao huviita empundu, vikavuka njia ya ng'ombe na kurudi kutoka upande wa pili wa bonde. Na tangu siku ile, wahesabuo miaka katika nyumba ile hawakuihesabu kwa vita vya wakubwa wala kwa kufika kwa mashua za moto ziwani. Walisema kabla ya Thomu, na baada ya Thomu.

"Lakini deni," akasema Abdulghani, ambaye hakuwa mtu wa kusahau.

"Lakini deni," akakubali Abdulrahim, tayari anavuta pumzi ya kuanza upya.

Maua akaiweka sahani chini. "Mume wangu, Mungu alikupa magumba mangapi?"

Abdulrahim akautazama mkono wake wa kushoto kana kwamba umetoka safarini leo. Akalinyoosha lile gumba jingine, ambalo halikuumwa na mtu wala mnyama. Abdulghani mwenyewe akailaza punje ya wastani kando yake: ikaanzia kwenye ncha ya ukucha, ikaishia kwenye kifundo, na unene ukalingana.

Kisha, kwa kuwa deni halikabidhiwi kwa mkono wa kushoto, Abdulrahim akaihamishia punje ile katika mkono wa kuume, wenye gumba lililopinda, akaitia katika kiganja cha jirani yake.

"Deni lako, bila nyongeza."

Abdulghani akainusa, akaifunga katika ncha ya shuka yake, mbali na ndevu za Jemadari.

"Nimepokea," akasema, akaketi kula pilau.